Mdogo wangu anaolewa kabla yangu, na siri yangu ameimwaga dukani

Shikamoo shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe. Tanga mji ni mdogo, na mimi ni fundi cherehani. Vipimo vya nusu ya wanawake wa Ngamiani ninavyo kwenye daftari langu, watanijua mara moja.

Nina miaka 30. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa miaka 25. Nimwite Mwanaidi, ingawa silo jina lake. Tangu utotoni wageni wakija yeye ndiye wa kuwachekesha, mimi ndiye wa kuwaletea maji. Mimi ni mrefu, mwembamba, na sauti yangu ni ndogo kiasi kwamba hata mteja aliyekaa upande wa pili wa cherehani huniambia "sema tena". Mwanamume akiniangalia, mikono yangu hutafuta kazi, nitashika mkasi hata kama hakuna cha kukata. Mwanaidi yeye akiingia mahali, watu wanajua kaingia.

Baba alifariki mwaka 2012 nikiwa kidato cha nne. Alikuwa kibarua bandarini, hakuacha kitu. Matokeo ya mwaka wetu yalitoka mabaya nchi nzima mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya, lakini mimi nilipata divisheni ya tatu, nikachaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, mkoa mwingine. Barua ya kujiunga ilikuja na orodha: ada 70,000, godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, na nauli juu yake. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Mwaka huohuo Mwanaidi alikuwa kaingia kidato cha kwanza. Ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, si kubwa ukiisikia leo, ila kulikuwa na mchango wa madawati, wa mlinzi, sare, viatu. Nikaenda kujifunza kushona kwa mama mmoja jirani. Hakuna aliyenikataza shule. Nilijitoa mwenyewe.

Baadaye Mwanaidi akaenda chuo cha uuguzi miaka mitatu, na mchango wangu humo ulikuwa mkubwa. Sasa ni muuguzi wa zahanati, na kapata mchumba. Posa imeletwa, imejibiwa. Kwenye kikao baba mkubwa akasema, "Mkubwa yupo na hajatoka, hatuwezi kumruka kimyakimya." Ikapangwa kwamba siku ya kuleta mahari nipewe doti mbili za khanga na shuka, niseme mbele ya wageni kwamba nimeridhia. Nikaulizwa kama nina neno. Nikainamisha kichwa. Wakasema kimya chake ndiyo yake, wakaendelea na hesabu ya vyakula.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Kuna kaka anauza vitambaa kwenye duka ninalonunulia bidhaa. Duka si lake, ameajiriwa. Ana utaratibu mmoja: akipima yadi, akifika kwenye alama ya mwisho hakati palepale. Anakisogeza kitambaa upana wa kiganja, ndipo anatia mkasi. Nikirudi siku nyingine ananiuliza, "Kile kitambaa kilikaaje?" Mimi najibu, "Vizuri," naondoka. Nikifika nyumbani ndipo majibu yanakuja, marefu, mazuri, hayana wa kuyasikia. Nilimwambia Mwanaidi usiku mmoja, taa zimezimwa. Ni yeye tu.

Tukaenda wote kununua kitambaa cha sare za shughuli yake. Duka limejaa. Mwanaidi akaegemea meza akamwambia, "Kaka, huyu dada yangu kila siku anakutaja nyumbani, wewe humwoni?" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akasema, "Mwache dada yako bwana," akageukia mteja mwingine. Nikaacha kitambaa juu ya meza, nikatoka.

Tangu siku hiyo namtuma binti ninayemfundisha kazi. Juzi karudi na mfuko wa vibaki vya satini, vizuri, vya kutosha kushonea mikanda na maua. "Kasema mpe fundi." Sijui ni huruma au ni nini. Mwanaidi nilipomkalia kimya alisema, "Mimi nilikuwa nakusaidia. Ungekaa hivyohivyo mpaka uzeeke."

Shangazi, si mara ya kwanza. Nilipokuwa na miaka 24 kuna kijana wa mtaani alikuwa akinitumia ujumbe. Akaja nyumbani kusalimia. Mwanaidi alikuwa likizo, akakaa naye barazani wakacheka mpaka magharibi. Mimi nilikuwa jikoni. Yule kijana hakunitafuta tena. Hakukuwa na kitu baina yao, najua, lakini sijasahau, na yeye hata hajui kama nakumbuka.

Magauni ya sare ni 14. Nimeyakata, yapo kwenye fremu yangu yamekunjwa, siwezi kuyashona. Kuna siku niliwaza niyacheleweshe makusudi, waione shughuli bila sare. Nikajiogopa. Hela ya ushonaji hakuna aliyeitaja, inaeleweka tu kwamba dada anashona. Mama anasema, "Mvumilie, ndiye mwenzio pekee."

Je, nina wivu tu? Nikatae zile khanga? Na yule kaka nitajuaje kama ananipenda au ananiongezea kitambaa kwa sababu mimi ni mteja?

Mkimya, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimejikuta nikisimama kwenye ile barua ya kidato cha tano iliyowekwa chini ya godoro. Wewe umeipitia haraka, kama unaeleza njia ya kufika mahali. Mimi nadhani bila hiyo, maneno ya dukani yangekukera wiki moja yakaisha.

Nikikuelewa vizuri, unaniletea mambo mawili ukiyaona kama moja. La kwanza, unampenda mtu na huna namna ya kusema. La pili, kuna mtu ambaye maisha yake umeyajenga kwa mikono yako, na leo anapita mbele yako akiwa amevaa ulichokishona wewe. Mwanaidi alipofungua mdomo pale dukani aliyakutanisha yote mawili mbele za watu, ndiyo maana umeumia kuliko maneno yenyewe. Unauliza kama una wivu tu. Wivu upo, sitakudanganya, na sioni mtu wa kawaida ambaye asingekuwa nao. Lakini hilo "tu" silikubali. Ndani yake kuna huzuni ya shule, kuna uchovu, na kuna deni ambalo halikuandikwa popote.

Hebu tulitazame hilo deni. Unasema hakuna aliyekukataza shule, ulijitoa mwenyewe. Matokeo ya mwaka wako wa 2012 nayakumbuka: kabla hayajafutwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Wewe ukatoka na divisheni ya tatu, msiba wa baba ukiwa bado mbichi. Kisha ukaenda kujifunza kushona. Swali langu ni hili, na uniwie radhi nikiuliza vibaya: Mwanaidi anajua? Baba alipofariki alikuwa na miaka 12 hivi. Sijaona popote katika barua yako mahali ulipomwonyesha ile karatasi, au ulipomwambia ilikuwepo. Kuanzia Januari 2016 serikali ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na yeye kwa hesabu zangu ndiyo alikuwa anaingia kidato cha nne. Huenda anachokumbuka yeye ni tangazo la elimu bila malipo, na dada aliyependa cherehani. Kila mtoto hujieleza nyumba yao kwa namna anayoiweza. Sikuambii kwamba hana kosa la kutoona. Miaka mitatu ya chuo alikuwa mtu mzima, na hela alikuwa akiipokea. Nakuuliza tu kama unamdai mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa hesabu.

Kuhusu lile la dukani, sitalipunguza. Siri uliyompa gizani haikuwa mali yake kuiuza mchana, hata kama nia ilikuwa njema. Na nadhani nia ilikuwa njema kwa namna yake. Watu wachangamfu wana upofu wao: kwa kuwa kwao neno likishatoka limekwisha, hudhani na kwa mwingine ni hivyohivyo. Lile "ungekaa hivyohivyo mpaka uzeeke" ndilo lililonichukiza zaidi mimi, kwa sababu hapo alikuwa ameshaona umeumia na bado akaongeza. Hilo unayo haki ya kumwambia.

Lakini yule kijana wa miaka ile sitamweka kwenye mzigo wa Mwanaidi haraka hivyo. Jitazame tena siku ile. Mgeni kaja kwa ajili yako, wewe uko jikoni hadi magharibi. Yawezekana alivutiwa na kicheko cha mdogo wako. Yawezekana pia aliondoka akijua kwamba hakutakiwa, maana mwenye kutakiwa hakutoka kumkalia hata dakika chache. Wewe ulijua moyo wako ulikuwa barazani, yeye angejuaje? Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema umelibeba jambo hili miaka yote likiwa na maelezo ya aina moja.

Na kicheko cha watu dukani. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao watu wenye haya huwa wanaupenda wakiusikia. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wa pale walimwona wa kizamani, akaingizwa chumba walimokuwa wamekaa wenzake. Walioivaa walikisia kwamba kama nusu ya waliokuwemo wameiona picha ile. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Wateja wale walicheka, halafu kila mmoja akarudi kwenye bei ya kitambaa chake. Bila shaka utaniambia yupo mmoja ambaye hakusahau, naye ndiye unayemjali. Kweli. Kwa hiyo tumzungumzie yeye.

Kwanza niseme kwamba fundi kuongezewa kitambaa si ajabu. Fundi mmoja huleta wateja wengi, na muuzaji mwenye akili hujua hilo. (Kama tajiri wake anajua habari za kile kiganja, hilo ni shauri lao wawili.) Vibaki navyo vingeweza kuwa ukarimu wa kibiashara, au njia ya kusema samahani kwa jambo ambalo hata hakulifanya yeye, au kitu kingine. Mimi kilichonigusa ni kile anachokuuliza. Muuzaji akishalipwa, kitambaa kilivyokaa mwilini mwa mtu hakimhusu tena. Anauliza, na wewe unampa neno moja, na bado safari nyingine anauliza. Pia umeniandikia "Mwache dada yako bwana" kama ushahidi kwamba alikukataa. Mimi niliposoma nilisikia mtu aliyeona umeaibishwa akajaribu kukuondolea macho ya watu. Inawezekana nimesikia ninachotaka kusikia. Inawezekana alikuwa anajiokoa mwenyewe, maana naye aliulizwa mbele ya wateja na pengine mbele ya tajiri wake. Maneno yaleyale yanabeba yote hayo. Wewe umechagua lile linalouma zaidi, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya. Mtu aliyezoea kujiona wa pili huchagua hivyo.

Kuna kitu hukunieleza, na ni kikubwa. Barua nzima imejaa mkono wake, mkasi wake, swali lake, lakini sijui kama ana mke. Sijui kama ana mchumba kwao, wala kwao ni wapi. Hujaandika kwa sababu hujui, au kwa sababu unaogopa kujua? Kabla ya kuamua lolote la moyo, hilo lapasa kujulikana, na halihitaji ujasiri wako hata kidogo. Pwani yetu haikuwahi kumtaka mwenye haya ajisemee mwenyewe. Mshenga yupo kwa sababu hiyo. Na kama unadhani mwanamke kutuma mtu ni aibu, hukumbuki Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alimtuma Nafisa bint Munya kwenda kupeleleza kwanza kwa Mtume kabla jambo halijawa jambo? Una somo wako, yule aliyekufunda? Una shangazi mtulivu, au yule mama aliyekufundisha kushona, ambaye bila shaka anawajua wauza vitambaa wote wa mji? Mtu wa namna hiyo anaweza kuuliza habari zake kwa upole bila kukutaja. Hatari yake unaijua: wazee wakishaingia, jambo hukimbia. Unaweza kutaka kujua tu, ukaamka siku moja ukute wazee wa watu wamekaa barazani kwenu. Na mjumbe akiwa na mdomo, utakuwa umerudia ya Mwanaidi kwa njia nyingine. Kwa hiyo mchague kwa ukimya wake kuliko kwa ukaribu wake.

Au urudi dukani mwenyewe. Sijasema uende kujieleza. Magauni 14 yanataka bitana, yanataka zipu. Nenda saa nane mchana, watu wameswali adhuhuri na wengi wamelala, ukiwa na shughuli ya kweli mkononi. Unasema huwezi kuzungumza na wanaume, lakini kila siku unamwambia mtu usiyemjua ainue mikono, avute pumzi, asimame wima, na anatii. Sauti hiyo unayo. Ni ya kazi. Akikuuliza kitambaa kilikaaje, usimpe "vizuri". Mwambie kilivutika kwenye kiuno, au kilikaa sawa kifuani lakini bitana ilikuwa nzito. Halafu umshukuru kwa vibaki. Kama kuna lolote upande wake, atakuwa amepata mahali pa kushika. Kama hakuna, utakuwa umezungumza habari za nguo na fundi hajavunjiwa heshima. Hatari ipo hata hapa. Anaweza kukutania kuhusu siku ile, na moyo ukaruka. Jiandae na jibu fupi, kwa mfano, "Mdogo wangu ana maneno mengi kuliko duka lako." Si kukubali, si kukana. Au usiende kabisa kwa sasa, umwache binti aendelee kwenda. Sitakulaumu. Ujue tu kwamba kutokwenda kwako naye anakusoma, na pengine anasoma kwamba amekukosea.

Tuje kwenye khanga. Wazee wamesema kimya chako ndiyo yako. Kimya cha mwali huhesabiwa idhini anapoulizwa juu ya ndoa yake mwenyewe. Hii si ndoa yako, na mimi kimya kile nimekisoma tofauti na walivyokisoma wao. Hata hivyo ujue kwamba huna lango la kumfungia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hao wawili wanaooana. Ya dada mkubwa haimo. Mila ya kukuomba ni heshima ya nyumba yenu, na ukikataa, ndoa itafungwa, ila mama yako ndiye atakayeinama mbele ya wakwe. Ukikubali huku moyo umefunga, utatamka "nimeridhia" halafu utaishi na neno hilo. Katikati yake kuna njia: mwendee baba mkubwa kabla ya siku, faragha, umwambie kwamba utazipokea, lakini unataka atakapokuwa anakukabidhi aseme wewe ni nani katika nyumba ile baada ya baba yenu kuondoka. Maneno mawili matatu, bila hesabu ya shilingi. Wazee wengi wataliona ni haki. Wengine wataona unamdhalilisha bibi harusi mbele ya wakwe, na Mwanaidi akilisikia kwa mara ya kwanza siku ile, atalisikia kama kisasi. Ndiyo maana nadhani yeye na wewe mnapaswa kuwa mmeshazungumza kabla. Na kama utazipokea, omba uchague mwenyewe. Usije ukaletewa khanga yenye jina la kukusuta, ukashinda mwaka mzima unajiuliza nani kakusudia nini.

Jinsi ya kuzungumza naye, hapo sina uhakika kama unavyoweza kutamani niwe nao. Ukianza na hela, atajitetea kwa hela. Ukianza na duka, mtaishia kwenye "nilikuwa nakusaidia". Mimi ningeanza na ile karatasi. Mwulize mama kama bado anayo. Akiwa nayo, mpe Mwanaidi aisome, jina lako, shule, orodha ya jembe na fyekeo, uache aulize mwenyewe. Kama mdomo utakataa, mwandikie. Barua hii uliyonitumia mimi inaonyesha kwamba kalamu yako haikwami. Anaweza kulia. Anaweza pia kukasirika, aseme hakukuomba umlipie, na hilo litauma kuliko la dukani, kwa sababu litakuwa na ukweli kidogo. Jiulize kabla kama unaweza kulisikia. Kama huwezi mwezi huu, wenye shughuli na watu wengi ndani ya nyumba, si lazima iwe mwezi huu.

Magauni lakini hayawezi kungoja. Wazo la kuyachelewesha lilikuja, ukajiogopa, hukulifanya; sioni sababu ya kujiita mbaya. Ila yapo yamekunjwa, na siku zinakwenda, na yakichelewa kwa makusudi au kwa huzuni mjini patasemwa jambo lilelile juu ya fundi. Wanawake 14 ni wateja 14. Unaweza kuyashona yote kama zawadi, ukasema kwa mdomo wako kwamba hii ndiyo zawadi yangu ya harusi, ili iwe zawadi na si wajibu uliokuangukia. Unaweza kukokotoa ufundi, ukasema gauni la bibi harusi ni zawadi, wengine wachangie kama wanavyochangia shughuli nyingine. Mama huenda akasema unamuuzia damu yako. Mwambie wapambe si damu yako. Au unaweza kumpa fundi mwenzio nusu ya kazi na malipo yake yatoke kwenye kamati. Ninachokuomba usikifanye ni kushona bure, kimya, usiku, ukihesabu. Hivyo ndivyo umefanya miaka yote hii na umeona kilichozaliwa.

Ile shule, ikiwa bado inakuuma yenyewe kama shule, mtihani wa kidato cha sita unaweza kuufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vigezo vya Baraza la Mitihani utaviangalia dhidi ya cheti chako. Ikiwa huitaki tena na unachotaka ni mtu ajue tu kwamba ulichaguliwa, hilo nalo ni haja halali, lakini ni haja tofauti na dawa yake ni tofauti.

Mama yako anakuambia uvumilie. Katika nyumba yenu yeye ndiye aliyekuwepo siku karatasi ile ilipokunjwa, na nadhani naye amenyamaza kwa sababu zake. Pengine wewe haya umeyarithi. Kaa naye asubuhi moja kabla hujamwendea mtu mwingine yeyote, umuulize alikuwa anawaza nini siku ile. Kisha mtafute yule mama aliyekufundisha kazi, umtume akupelelezee kuhusu kaka wa vitambaa. Ukishajua kama ana mke au hana, niandikie tena, maana nusu ya niliyoyasema hapa yanategemea jibu hilo.

Wako,
Shangazi